Karamu ya harusi ipangwe kwa saa ya mgeni, si ya kamera

KATIKA sehemu nyingi za nchi hii, harusi ya Jumamosi huwa na vipindi viwili. Cha kwanza ni cha kufunga ndoa, na hicho kina mwenyewe: kasisi, kadhi au msajili wa serikali, ambaye aghalabu ana wengine wanaomngoja na hivyo hulazimika kuchunga saa. Cha pili ni karamu. Hicho huachwa mikononi mwa jamaa na kamati yao, na ndicho wageni watakachokisimulia kwa miezi kadhaa, kwa sifa au kwa shere.

Ukiwasikiliza wageni hao wakirejea makwao, ni nadra kumsikia anayelalamikia rangi ya vitambaa vya mezani au idadi ya ghorofa za keki. Husema jua liliwachoma, njaa iliwauma, hawakusikia kilichokuwa kikisemwa, na giza liliwakuta njiani. Malalamiko hayo, ukiyachunguza, yana mzizi mmoja: kungoja. Yeyote anayepanga karamu akitaka waalikwa waifurahie, ajiulize mapema mgeni wake atakuwa wapi na atakuwa akifanya nini katika kila saa ya siku hiyo. Mapambo yatafuata.

Ratiba ianzie mwisho

Hebu tuitazame siku yenyewe jinsi inavyokwenda mara nyingi. Kadi inasema ibada itaanza saa nne asubuhi. Bi harusi anafika saa tano. Ibada inakamilika saa saba. Maharusi, wapambe na wasimamizi wanaondoka kwenda kupigwa picha katika bustani fulani iliyo upande wa pili wa mji, na wageni wanaelekezwa ukumbini. Saa tisa unusu honi za msafara zinasikika. Maharusi wanaingia wakisakata densi, hatua mbili mbele na moja nyuma, na ifikapo saa kumi ndipo mtu anaombwa abariki chakula. Mgeni aliyekuja Nairobi kutoka Nyeri, mwendo wa kilomita 150 hivi, aliondoka kwake saa kumi na mbili asubuhi baada ya kikombe cha chai. Amekaa saa kumi bila mlo, na hotuba hazijaanza.

Ratiba nyingi huharibika kwa sababu huandikwa kuanzia asubuhi. Kila jambo linalochelewa husukuma lile linalolifuata, na mwishowe kinachosukumwa nje ni mapumziko ya mgeni. Ni heri kuanza kuhesabu kutoka mwisho. Nairobi iko karibu na ikweta, na jua lake huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi mwaka mzima. Kama wageni wengi wanasafiri kwa matatu au kwa basi la kukodi, sala ya kufunga haina budi kuwa saa kumi na moja jioni, ili magari yaondoke nusu saa baadaye kukiwa kweupe. Kutoka hapo rudi nyuma: zawadi na shukrani, nusu saa; keki, robo saa; hotuba, dakika arobaini na tano; burudani na densi, saa moja na nusu; mlo, saa moja. Utajikuta kwenye saa saba mchana. Kwa hivyo sahani ya kwanza yafaa kutoka saa saba, na ibada yafaa kuanza saa tatu, si saa nne.

Hesabu hiyo huwaudhi wengi kwa sababu inafichua kwamba hakuna muda wa picha wa saa mbili. Naam, haupo. Picha za maharusi peke yao zinaweza kupigwa siku nyingine, na wapo wanaofanya hivyo wiki moja kabla ya harusi. Picha za ukoo hupigwa papo hapo nje ya kanisa, mradi pawe na mtu mwenye orodha na sauti ya kuita: wazazi, mashangazi na wajomba, wanafunzi wenza, basi. Dakika 40 zatosha. Wakishindwa kabisa kuachana na ile bustani, basi maharusi waende, lakini chakula kisiwangoje. Desturi ya kuwafungia wageni mlo hadi wenye harusi waingie haina asili yoyote ya heshima. Ni mazoea tu. Mwenye karamu tangu jadi ndiye anayekula wa mwisho.

Na ikiwa kutakuwa na pengo lolote kati ya ibada na mlo, lizibwe kwa kitu cha kutafuna. Si lazima kiwe cha fahari. Mandazi, sambusa, njugu karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, chai ya maziwa na maji ya kunywa vikiwa tayari mlangoni vitampokea mgeni kuliko zulia jekundu. Wazee wenye ugonjwa wa kisukari, ambao hawapaswi kukaa bila chakula kwa muda mrefu baada ya kumeza dawa, watakushukuru zaidi ya wote.

Hapa pana jambo la lugha ambalo mhariri hawezi kulipita. Kadi nyingi huchapishwa kwa Kiingereza kisha hutafsiriwa kwa haraka kwa ajili ya wazee, na saa huachwa zilivyo. Inayoandikwa "saa 10 asubuhi" kwa Kiswahili si saa nne. Kwa hakika ni alfajiri watu wakiwa vitandani. Aliyeandikiwa karamu itaanza "saa 2 mchana" hajui aje lini. Andika "saa nane mchana" kwa maneno, na umpe mtu mwingine aisome kadi kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

Mlo na hatari ya kuchelewa

Kuchelewa hakumpi mgeni njaa tu. Wapishi wa harusi, hasa mashambani, huamka usiku wa manane. Pilau inaiva saa mbili au saa tatu asubuhi, inafunikwa, na kuanzia hapo inangoja maharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa nguzo tano za usalama wa chakula, linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na kwamba kinachongoja kuandaliwa kidumishwe kikiwa moto kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Sufuria iliyofunikwa kwa gunia na kuachwa kando ya meko yaliyozimika haiwezi kudumisha joto hilo hadi saa kumi jioni.

Wali una hatari yake ya pekee. Kuna bakteria wanaoitwa Bacillus cereus ambao mbegu zao huvumilia moto wa kupikia. Wali ukibaki vuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana, na sumu moja wanayotoa haiharibiki hata wali ukipashwa moto tena. Kuna karamu ambazo wageni huziaga wakicheka na usiku wakakesha msalani. Kuku wa mchuzi, nyama iliyokatwakatwa na saladi zenye mayai au maziwa nazo zataka uangalifu uo huo. Mwambie mpishi saa ya kupakua, umsihi apike wali wa mwisho saa moja kabla yake, na makaa yabaki chini ya sufuria. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, na mikono inayoikata iwe imeoshwa kwa sabuni.

Kuhusu kiasi, wapishi wazoefu hukadiria kwamba kilo moja ya mchele hutosha watu 8 hadi 10 panapokuwa na vyakula vingine mezani, na watu 6 au 7 ikiwa pilau ndiyo chakula chenyewe. Kilo moja ya nyama yenye mifupa yafaa kugawiwa watu 4. Mbuzi mwenye uzani wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 13 hadi 15 pamoja na mifupa, kwa hivyo mmoja ni wa watu 50 au 60, wala si wa mia moja kama wajomba wanavyopenda kudai. Maji ya kunywa yahesabiwe lita moja kwa kila mtu, na zaidi mahali penye joto kama Kisumu, Garissa au Mombasa. Soda haikati kiu ya jua la saa nane.

Uteuzi wa vyakula ufuate wanaokuja, si picha za mitandaoni. Karamu ya Murang'a isiyo na mukimo, au ya Kisumu isiyo na samaki wala ugali, itawaacha wazee wakitafuta chakula katikati ya sahani zilizojaa. Kwa Waluhya, kuku ana heshima yake na firigisi haipakuliwi mkono wowote. Mpishi wa kutoka mbali aelezwe mapema. Iwapo kuna Waislamu miongoni mwa waalikwa, mifugo yote ichinjwe na Mwislamu, na nyama ya nguruwe isikaribie meko hayo. Hilo ni jambo rahisi na la bei nafuu ambalo likisahauliwa humfanya jirani wa miaka 20 aketi karamuni akila mkate mkavu. Wasiokula nyama nao watengewe chungu chao, kwani dengu au ndengu hazigharimu pakubwa.

Kuna pia foleni. Tuseme kila mgeni anachukua sekunde 20 mbele ya sufuria. Wageni 300 kwenye mstari mmoja watachukua dakika 100, na wa mwisho atafika wakati ambapo wa kwanza ameshakula, amenawa na anauliza basi liko wapi. Igawe meza iwe na mistari minne, kila mmoja ukiwa na vyakula vyote, na muda huo unashuka hadi dakika 25. Wahudumu ndio wapakue nyama. Nyama ikiachwa wazi ijipakuliwe, mistari ya nyuma itakuta mchuzi. Wazee, akina mama wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu wapelekewe chakula walipoketi. Watoto nao wapewe sahani zao mapema, kwa sababu mtoto mwenye njaa huharibu utulivu wa meza nzima.

Kwa jambo hili la kupakua, bara lina la kujifunza kutoka Pwani. Kule Mombasa na Lamu, ndoa huozeshwa msikitini au nyumbani, halua na kahawa zikapitishwa mara tu dua inapomalizika. Panapoandaliwa walima, biriani au pilau huletwa kwa sinia, na watu wanne au watano huzunguka kila sinia moja wakala pamoja. Hakuna foleni, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na katika muda mfupi mamia ya watu wamekula, wamenawa na wameshukuru. Hotuba ni chache kwa kuwa la muhimu limekwisha kusemwa katika khutba ya nikahi. Wanawake nao wana shughuli zao tofauti, ikiwemo usiku wa kupamba, na siku hizi si ajabu kukuta simu zikikusanywa mlangoni ili wanawake waliojifungua mitandio yao wacheze bila hofu ya kuonekana kesho yake kwenye simu za watu wasiowajua. Sisemi kila ukoo uige sinia. Lakini mantiki yake, kwamba mtu alishwe kwanza kisha ndipo aongeleshwe, inafaa kila mahali.

Maneno na kelele

Hotuba ndizo zinazoua karamu nyingi za Kenya, na dawa yake haipatikani siku yenyewe. Mzungumzaji aliyekwisha kushika kipaza sauti hapokonywi, hasa akiwa mjomba au mheshimiwa. Kazi hufanywa wiki mbili kabla. Familia mbili zikubaliane juu ya majina, wasizidi sita kwa jumla, na kila mmoja aambiwe ana dakika tano na anayemfuata ni nani. Wengine wanaostahili kutambuliwa watajwe na mfawidhi wakasimama na kupungia mkono. Heshima hiyo inawatosha wengi wao. Wanasiasa ni tatizo la pekee. Huja wamechelewa, huomba kuzungumza mara moja kwa sababu wana harusi nyingine tatu za kuhudhuria, na mara huingiza ya kampeni. Kamati ikiwa imeamua mapema kwamba mgeni wa namna hiyo atasalimu kwa dakika mbili akiwa mezani pake, mfawidhi atakuwa na pa kushikilia.

Mfawidhi mwenyewe achaguliwe kwa kuchunga wakati na kwa lugha zake. Siku hizi ndoa nyingi ni za makabila mawili au zaidi. Mzaha unaosemwa kwa lugha ya upande mmoja huuacha upande wa pili ukitazamana, na mara nyingine wanadhani wao ndio wanaochekwa. Kiingereza nacho huwafungia nje akina nyanya waliosafiri kutoka mashambani kuja kumwona mjukuu wao. Kiswahili kinawaunganisha wote hao bila gharama, na mfawidhi anayekimudu vyema ni hazina. Aonywe pia dhidi ya mizaha kuhusu usiku wa maharusi mbele ya wakwe. Kuna wanaoicheka kwa adabu huku wakitamani ardhi ipasuke.

Vipaza sauti ni suala jingine. Huwekwa kandokando ya meza za mbele, ambako wazee wameketi, kisha mcheza santuri hupandisha sauti hadi mbavu zinatikisika. Kipimo changu ni chepesi: watu wawili walioketi meza moja waweze kuzungumza bila kupiga kelele. Wageni wengi huja harusini kukutana na jamaa ambao hawajaonana nao tangu mazishi ya mwisho, na mazungumzo hayo ndiyo furaha yao. Muziki wa nguvu una saa yake, baada ya mlo, na uwe na eneo lake la kuchezea.

Sheria nayo ina neno. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA), zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba katika mitaa ya makazi wakati wa mchana na 35 usiku, na mchana huo unahesabiwa kuisha saa mbili usiku. Desibeli 50 ni chini ya sauti ya mazungumzo ya kawaida. Anayepanga sherehe ya usiku nyumbani kwake mtaani atafute kibali katika afisi za kaunti, awaarifu majirani, na bora zaidi awaalike. Jirani aliyekula pilau yako hapigi simu polisi.

Mahali penyewe

Msimu una uamuzi kabla ya mpambaji. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Wengi hukimbilia Agosti kwa kuwa shule zimefungwa na Nairobi haina mvua nyingi, wakisahau kwamba baridi ya Limuru mwezi huo humfanya bi harusi aliyevaa gauni lisilo na mikono atetemeke katika kila picha. Magharibi mwa nchi, mathalani Kakamega, mvua ya alasiri huja hata Agosti. Karamu ya huko ikiwa ya nje, hema lizibwe pande zote na lijengwe mahali palipoinuka, na vijia vya kwenda chooni vimwagwe kokoto.

Hema lenyewe lielekezwe kufuatana na jua la alasiri, si la asubuhi linapojengwa. Mafundi huanza kazi saa moja, wakaona kivuli kizuri, kumbe saa tisa nusu ya viti vitakuwa juani. Viti vizidi idadi ya waalikwa kwa angalau kumi kwa kila mia. Vyoo ndivyo husahauliwa zaidi. Kwangu mimi kimoja kwa kila watu 50 ndicho kiwango cha chini, chenye maji, sabuni na taa, na cha wanawake kiwe kingi kuliko cha wanaume. Kimoja kiwe na mlango mpana usio na ngazi.

Wanaopendelea bustani na misitu wajue masharti. Tangu Juni 5, 2020, ni marufuku kuingia na plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu, fuo za bahari na maeneo mengine yanayohifadhiwa. Chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya plastiki vimo katika marufuku hayo. Kwa hivyo anayeandaa karamu katika Msitu wa Karura jijini Nairobi ahakikishe mpishi analeta vyombo vya kuoshwa na mitungi mikubwa ya maji, la sivyo shehena nzima ya vinywaji itazuiwa langoni wageni wakitazama. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kote nchini tangu Agosti 28, 2017, kwa hivyo hata zawadi ndogo za wageni zifungwe kwa karatasi au kitambaa.

Idadi na mfuko

Yote haya yanategemea idadi ya wageni, na hapo ndipo penye uchungu. Mjini unaweza kuandika kadi na kuhesabu viti. Kijijini hakuna harusi ya kadi. Jirani aliyesikia ngoma amealikwa, na kumfukuza ni aibu itakayoishi kuliko gauni la bi harusi. Anayefanyia karamu nyumbani apike kwa ajili ya watu hao tangu mwanzo. Githeri, chapati na chai katika hema la pili vinatosha kuwapokea kwa heshima, na hakuna haja ya mlinzi wa kuuliza nani ni nani.

Fedha nazo hazitabiriki. Zamani kamati zilikutana hotelini kila wiki na nusu ya mchango ikaishia kwenye soda za mkutano. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, na baadaye vikundi vya WhatsApp, kuchanga kumekuwa rahisi, lakini ahadi bado ni ahadi. Aliyeandika jina lake na tarakimu kwenye orodha hajalipa. Bajeti ya karamu ifungwe wiki mbili kabla kwa fedha zilizo mkononi, na chochote kitakachoingia baadaye kiongezwe kwenye chakula au kiwekwe. Maharusi wanaokopa ili wajaze pengo la ahadi huanza maisha kwa kulipa deni la hema, na ugomvi wao wa kwanza huwa juu ya karamu ambayo wengine waliifurahia.

Panapohitajika kupunguza, kipunguzwe kile ambacho mgeni hatakikosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Hakuna hata moja inayodai keki, gari la kifahari, meza kuu wala wapambe kumi wenye sare. Janga la Covid-19 lilitupa mfano bila kutaka. Mwaka 2020 serikali iliruhusu watu wasiozidi 100 katika harusi, na Septemba ikaongeza hadi 200. Nyingi za harusi hizo zilimalizika mapema, wageni wakala wakashiba, na maharusi wakamsalimu kila mtu kwa jina. Baada ya masharti kuondolewa, wengi walirudia mamia, kila mtu na sababu zake. Lakini anayeweza kuwaalika 120 na kuwatunza, asijilazimishe 400.

Jambo moja lisifanywe kabisa: kuugeuza mgeni kuwa mfuko wa pili. Kunadi vipande vya keki, kupitisha kikapu kati ya meza, au kuwaita watu kwa majina watoe zawadi zao hadharani huwatenga wale waliojikakamua kupata nauli tu. Meza ya zawadi iwekwe kando, daftari liwepo, na anayeleta blanketi na anayeleta bahasha wapite mlango mmoja.

Hatimaye kuna watu ambao si wageni wala si wenyeji: madereva, wapishi, waosha vyombo, mafundi wa hema, wapiga picha, vijana waliosimama langoni tangu asubuhi. Chakula chao kitengwe kabla ya kupakua, kwa sababu kikiachwa kitokane na masazo huwa hakipatikani. Malipo yao ya mwisho yawe kwenye bahasha zilizoandikwa majina, mikononi mwa mtu mmoja asiye wa familia ya karibu, ambaye hatakuwa akicheza wala akilia. Mara nyingi basi la wageni huchelewa kuondoka jioni kwa sababu dereva anamtafuta bwana harusi amlipe, na bwana harusi ameshaondoka na msafara.